Vifuniko

Sufuria elfu moja na mia nne zilishuka jana usiku
kwenye ghala letu la Viwandani, nyuma ya kiwanda cha rangi,
na vifuniko vyake ndani ya masanduku ya peke yake,
kama watoto waliopandishwa gari tofauti na mama yao.
Zinakwenda Bentiu. Zitapita Lokichogio, zitapita mpaka,
zitapita vizuizi ambavyo dereva Ekal huvihesabu kwa sigara:
hiki sigara mbili, kile pakiti nzima.

Mimi nahesabu kwa kalamu. Vijiti vinne, cha tano nawakata wenzake.
Blanketi, sawa. Sabuni, sawa. Vyandarua, sawa.
Nikachukua sufuria moja, nikachukua kifuniko kimoja,
nikafunika.
Kikazama ndani kama shilingi kisimani.

"Andika kamili," akasema Bwana Muthengi.
"Fomu inauliza idadi. Haiulizi kama vinafunika."
Naye si mtu mbaya. Ana mkutano Gigiri saa nne,
kuna wageni, kuna chati ya kijani,
na kijani hiyo inataka kufika mia kwa mia.

Mwaka ule mimi nilikuwa ndani ya chati.
Uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, hema la kumi na saba,
jirani na mabanda tuliyokuwa tukilipa kiingilio kutazama ng'ombe wa gredi.
Kidole changu cha mwisho kilikuwa bado na wino wa kura.
Wakanichovya gumba katika wino mwingine,
nikapewa blanketi.

Machi nikarudi Mathare. Mlango haukuwepo,
kitasa kilikuwepo, chini, kimefungwa.
Mama Akech wa ng'ambo ya mtaro akaja
ameshika kifuniko kwa upindo wa leso.
"Hiki nilikiokota. Sufuria sijui ilikwenda wapi."
Nyuma yake, kwake, mvuke ulikuwa ukipanda
mnene, mrefu, hauna wa kuuzuia.
Sufuria yangu ina mkono mmoja uliopinda.
Niliuona ule mkono.
Nikasema, asante.

Miaka miwili tukasalimiana kwa asante ile.

Yakaja mashirika na fulana zao. Tulikalishwa duara,
tukapewa soda, tukaambiwa tuseme yaliyo moyoni.
Mama Akech akasema bei ya unga.
Nami nikasema bei ya unga.
Mwenye kalamu akaandika: maridhiano.
Siri ya mtungi muulize kata;
ya sufuria ilikuwa kwangu, imetundikwa msumarini,
na kila upepo ukipita inagonga ukuta: ti. Ti.

Sijui siku ile ilikuwa na nini. Mvua, labda.
Mabati yake yalivuja hadi jikoni, moto unakohoa,
na maharagwe yanachemka wazi, yanakula makaa ya watu.
Nikashusha kifuniko msumarini. Nikaruka mtaro.
Sikubisha hodi.
Nikafunika.
Kikakaa.

Hakunitazama. Alisukuma kaa moja kwa kidole cha mguu.
"Sasa yataiva upesi," akasema.
"Yataiva."
"Nimetia mengi."
Nikavuta kigoda.

Basi jana sikuandika kamili.
Niliandika pembeni, pasipo na mstari: *havifuniki.*
Tukafungua masanduku yote, mimi na Ekal na mlinzi Galgalo,
tukakuta saizi tatu zimechanganywa na mtu wa mbali
aliyekuwa na haraka, au njaa, au zamu ya usiku.
Tukaanza kuzioanisha moja moja chini ya taa inayopepesa.
Mia sita na kumi na moja zilikubali.
Zilizobaki zimepanda lori saa kumi na moja alfajiri hivyo hivyo,
sufuria huku, vifuniko kule,
na Bwana Muthengi amepiga muhuri juu ya neno langu.

Bado nasikia lori hilo likikata kona ya Enterprise,
vifuniko vikigongana gizani,
kila kimoja kinaita.